Mpanda Farasi Aliyekataa Kuwinda

Msomaji, yamkini hujapata kupanda farasi. Huenda umewaona kwa mbali wakishindana katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi. Na ikiwa wewe ni mtoto wa Lamu, basi wamjua punda zaidi ya farasi. Lakini katika nchi ya Uingereza farasi alikuwa, kwa karne nyingi, kiti cha mwungwana, na mtu aliyejua kupanda alitazamiwa kuwa mwindaji pia. Kijana wa nyumba kubwa aliyekwisha kufundishwa kukaa juu ya tandiko na kushika hatamu hakuulizwa kama atakwenda kuwinda. Aliulizwa atakwenda lini. Hata hivyo walitokea watu waliopenda farasi kwa moyo wote, wakakataa kuwinda. Nataka tufuatane, wewe na mimi, tuzichungue sababu zao.

Kwanza yafaa ujue windo lenyewe lilikuwaje. Mnyama aliyewindwa zaidi alikuwa mbweha wa Ulaya, mwenye manyoya mekundu na mkia mnene. Si yule mbweha wa nyika zetu, ingawa lugha yetu imewapa wote wawili jina moja. Msimu mkubwa ulianza mwezi wa Novemba, mavuno yakiwa yamekwisha kuondolewa mashambani. Usiku wa kuamkia windo, mtu maalumu alizunguka akiziba matundu ya mbweha, ili mnyama arudipo alfajiri asipate pa kujificha. Asubuhi wapandaji walikusanyika, baadhi yao wamevaa makoti mekundu. Baragumu likapigwa, na kundi kubwa la mbwa likaachiliwa kichakani. Mbwa wakishapata harufu ya mbweha walimwandama kwa kelele, na farasi wakawaandama mbwa, wakiruka nyua za miti, kuta za mawe na mifereji, pengine kwa muda wa saa nzima. Mbweha akipatikana, mbwa walimrarua. Akiwahi kuingia shimoni, huenda mbwa wadogo walitiwa humo wamkabili, na watu wakamchimbua kwa majembe. Ilikuwa desturi pia kwamba kijana aliyeshuhudia kifo cha mbweha kwa mara ya kwanza alipakwa damu yake usoni, iwe alama ya kuwa sasa ameingia katika jamii ya wawindaji.

Usidhani desturi hii ilikuwako tangu milele kwa sura hiyo. Wafalme wa zamani waliwinda ayala, na mbweha alihesabiwa kuwa mwizi wa kuku tu. Lakini misitu ilifyekwa, ayala wakapungua, hasa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1642 hata 1651, na wenye mali wakamgeukia mbweha. Katika jimbo la Leicestershire bwana mmoja, Hugo Meynell, aliongoza kundi la mbwa la Quorn tangu 1753 hata 1800, akazalisha mbwa wenye mbio kuliko wa baba zake. Katika zama zizo hizo Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuyagawa na kuyazungushia ua mashamba yaliyokuwa ya watu wote. Mbwa wenye mbio walihitaji farasi wenye mbio, na nyua mpya zilimlazimu mpandaji ajue kuruka. Ndivyo windo lilivyogeuka kuwa shindano la ushujaa, na shindano likawa fahari ya watu wa daraja ya juu.

Sasa tuje kwenye sababu za waliokataa. Sababu ya kwanza ilimhusu farasi mwenyewe. Mbio ndefu juu ya ardhi ya matope, miruko ambayo mpandaji haoni kilicho ng'ambo yake, na pupa ya kutotaka kuachwa nyuma, vilivunja miguu ya farasi wengi. Na farasi aliyevunjika mguu aghalabu hupigwa risasi. Jambo hili lilielezwa kwa namna ya pekee na Bibi Anna Sewell, aliyezaliwa mwaka 1820. Akiwa na umri wa miaka kumi na minne alianguka akaumia miguu, na tangu siku hiyo hakuweza kutembea mwendo mrefu. Farasi akawa miguu yake. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, akiwa mgonjwa, aliandika kitabu Black Beauty, kilichotolewa mwaka 1877, miezi michache tu kabla ya kufa kwake. Msimulizi wa kitabu hicho ni farasi. Mapema kabisa katika hadithi, farasi huyo, angali mtoto, aona kundi la wawindaji likimkimbiza sungura. Sungura auawa, lakini kwenye kijito farasi mmoja aanguka, avunjika mguu na kupigwa risasi, na kijana aliyempanda, mwana wa pekee wa bwana mwenye shamba, avunjika shingo. Baadaye msimulizi apata habari kwamba farasi yule alikuwa ndugu yake. Angalia, msomaji, jinsi mwandishi alivyopanga mizani yake: upande mmoja sungura mmoja, upande wa pili farasi na mtoto wa watu.

Sababu ya pili ilimhusu yule anayekimbizwa. Wahenga wetu walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu aliyeuonja uchungu wa methali hii alikuwa Lady Florence Dixie, aliyezaliwa Uskochi mwaka 1855 katika nyumba ya kikabaila. Huyu hakuwa mtu wa kuogopa farasi. Alipanda tangu utotoni, akawinda, akajulikana kwa shabaha ya bunduki. Mwishoni mwa mwaka 1878 alisafiri mpaka Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, akazunguka nyika zile juu ya farasi, akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1880. Huko milimani walikuta ayala asiyemjua mwanadamu, aliyewatazama bila hofu. Wakamwua. Picha ya mnyama yule haikumtoka bibi huyu. Mapema katika miaka ya 1890 alitoa insha kali ya kuulaani mchezo wa kuua, naye hakujificha: alikiri kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa na damu.

Kwa sisi wa Afrika bibi huyu ana habari nyingine. Mwaka 1881 alikuja Afrika ya Kusini akiandikia gazeti la London. Mjini Cape Town alimwona Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, ambaye Waingereza walikuwa wamemshinda vitani mwaka 1879 na kumtia kifungoni. Lady Dixie alimtetea kwa kalamu yake, hata mwaka 1882 akatoa kitabu kizima cha kumtetea mfalme na nchi yake. Mwaka 1883 Cetshwayo alirudishwa Uzulu, ingawa nchi yake ilikuwa imekatwa vipande, na mwaka uliofuata akafa. Sisemi kwamba kumhurumia mbweha na kumtetea mfalme ni jambo moja. Nasema tu kwamba mtu aliyejizoeza kuuliza, "Huyu anayekimbizwa aonaje?", hawezi kulizuia swali hilo lisivuke mipaka.

Sababu ya tatu ilikuwa ya ujirani. Wapandaji hamsini wakipita katika ngano changa, huacha nyuma yao matope. Nyua huvunjika, kondoo wenye mimba hutawanyika. Mkulima mkubwa aliyewinda mwenyewe alivumilia. Lakini mkulima mdogo, aliyepanga shamba la bwana yule yule mwenye mbwa, angesema nini? Wapandaji wengine waliona haya kuingia kwa nguvu ya daraja mahali ambapo wasingeingia kwa hodi. Tena gharama za farasi, mavazi na michango ya kundi ziliufanya mchezo kuwa wa wachache, na wako waliopenda farasi bila kupenda majivuno yaliyowazunguka.

Sababu ya nne ni kwamba raha ya kupanda yaweza kupatikana bila kuua. Mwaka 1752 huko Ireland watu wawili walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile, wakiruka kila kilichokuwa njiani huku wakiulenga mnara wa kanisa. Mbio za kuruka vizuizi za siku zetu zilikua kutokana na mashindano ya namna hiyo. Ikazuka pia njia nyingine: mtu hutangulia akiburura kitambaa chenye harufu kali, mbwa wakaifuata harufu hiyo, na farasi wakawafuata mbwa. Mbio zipo, miruko ipo, kelele za mbwa zipo, mfu hayupo. Na kwa kuwa njia hupangwa mapema, mwenye shamba aweza kuombwa ruhusa.

Haki yataka tuwasikilize wawindaji nao. Walisema kwamba mbweha huua kuku na wana-kondoo, na kwamba lazima apunguzwe. Kwamba risasi na mitego huweza kumwacha amejeruhiwa kwa siku nyingi, hali mbwa humwua upesi. Kwamba watunza mbwa, wahunzi na washona matandiko walipata riziki kwa windo. Mwaka 1869 mwanahistoria E. A. Freeman aliushambulia uwindaji katika jarida moja, na mwandishi wa riwaya Anthony Trollope, aliyependa mno kuwinda, akamjibu katika jarida lilo hilo. Serikali nayo iliunda tume zaidi ya moja. Ile iliyotoa taarifa mwaka 1951 iliona kwamba kumwinda mbweha kwa mbwa kulikuwa na ukatili mdogo kuliko njia nyingi nyingine. Ile ya mwaka 2000 iliona kwamba windo hilo humdhuru sana mbweha, lakini ikakiri pia kwamba njia nyingine zina madhara yake.

Sheria ilijikokota. Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo na ukatili, na mwaka 1824 kikaundwa mjini London chama cha kuwahurumia wanyama. Lakini mnyama wa mwitu anayewindwa aliachwa nje ya ulinzi. Mwaka 1891 iliundwa jumuiya iliyoongozwa na Henry Salt, ikapinga hata kundi la mbwa la kifalme lililowinda ayala, na kundi hilo likafutwa mwaka 1901. Ikapita karne nzima. Uskochi walipiga marufuku kuwinda kwa kundi la mbwa mwaka 2002, na katika Septemba ya mwaka huo huo watu wapatao laki nne walijaa mitaa ya London kuitetea desturi ya mashambani. Hata hivyo sheria ya Uingereza na Wales ilipita mwaka 2004, ikaanza kutumika tarehe 18 Februari 2005. Mabishano hayakwisha, maana sheria hufunga mikono upesi kuliko inavyogeuza mioyo.

Nasi huku Kenya tuna sehemu yetu katika habari hii. Walowezi walileta farasi na mbwa wao katika nyanda za juu, na kwa kuwa mbweha mwekundu hakuwako, waliwakimbiza mbweha wa kwetu. Wakati huo huo Mwafrika aliyemtega paa kwa ajili ya mboga aliitwa jangili na kushitakiwa. Mmoja aliwinda kwa njaa, mwingine kwa kujifurahisha, na sheria ya kikoloni ilimchagua wa kumtia hatiani. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa mwitu nchini kote.

Basi, msomaji, twajifunza nini? Si lazima ukubaliane na Lady Dixie katika yote, pima mwenyewe. Lakini fikiri ugumu wa mahali aliposimama. Waliokuwa wakiwinda hawakuwa adui zake. Walikuwa jamaa zake na rafiki aliokula nao mezani, watu aliowapenda, nao walikuwa wakifanya jambo ambalo hata yeye alilifanya kwa miaka mingi na kulifurahia. Kumkemea mgeni ni rahisi. Kuwaambia wenzako, katika jambo mlilolizoea pamoja, "Mimi sitakuja kesho," kwahitaji moyo wa namna nyingine; na kuongeza, "Nami pia nilikosa," kwahitaji moyo mkubwa zaidi.

Huna farasi, wala hukuzaliwa katika nyumba yenye mbwa mia. Hata hivyo utakutana na desturi za namna hiyo, pengine katika bweni lenu wakati huu huu, ambapo wakubwa humsumbua mgeni kwa kuwa nao walisumbuliwa, na kila mmoja hucheka kwa kuwa mwenziwe anacheka. Siku hiyo utakapoalikwa, jiulize kwanza ni nani anayekimbizwa, na matundu yake yamezibwa na nani.