Majani si mizizi: Namna ya kuotesha vichaka vya maua Machakos

WAPENZI wa maua mjini Machakos na viungani mwake wanafahamu kwamba bogenvilia, haibiskasi na plumbago hazihitaji kupandwa kwa mbegu. Hukatwa kitawi kutoka kwa mmea uliokomaa, kikachomekwa udongoni, na baada ya majuma kadhaa kikawa mmea kamili wenye maua ya rangi ile ile ya mama yake. Kwa aina nyingi zinazopendwa bustanini, hii ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba rangi haitabadilika, kwa kuwa mbegu huchanganya sifa za wazazi wawili ilhali kitawi ni sehemu ya mmea mmoja tu.

Jambo hili huonekana jepesi likielezwa, na mkulima wa Ukambani aliyezoea kupanda pingili za muhogo hatalistaajabia. Hata hivyo, vitawi vya maua havina ustahimilivu wa muhogo, na si ajabu mtu kupanda hamsini akaambulia vitano. Katika eneo ambako familia nyingi hununua maji kwa mitungi wakati wa kiangazi, kila kitawi kinachokufa kimekufa na maji ya watu.

Adui ni ukavu

Vitabu vya bustani vya Ulaya huvihesabu vichaka hivi kuwa dhaifu kwa sababu huuawa na jalidi. Nchini Uingereza, mwenye bustani hukata vitawi mwezi Agosti au Septemba na kuvihifadhi ndani ya nyumba ya vioo, ili mmea mama ukifa kwa baridi awe amebaki na mrithi wake. Maagizo hayo yananakiliwa bila kufikiriwa upya, na anayeyafuata humu nchini hupotea njia. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo mwa ikweta, na jalidi si tatizo la bustani za mji huu. Agosti hapa ni mwezi mkavu wenye baridi ya asubuhi. Vichaka havichipui kwa nguvu, na mizizi huchelewa kutokea.

Kinachoua vitawi Machakos ni ukavu. Kitawi kilichokatwa hakina mizizi ya kunyonya maji, lakini majani yake huendelea kupoteza maji hewani kana kwamba bado yamo mtini. Upepo unaovuma kutoka nyanda za Athi na jua la saa sita mchana huweza kukimaliza kwa siku moja. Basi kazi yote ya mwenye kuotesha, kuanzia saa ya kukata hadi aina ya chombo, ni kukilinda kitawi kisikauke katika yale majuma ambayo mizizi haijatokea.

Ndiyo maana kalenda ina uzito kuliko dawa yoyote ya dukani. Kaunti ya Machakos hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi zile za vuli. Majuma mawili au matatu baada ya masika kuanza, vichaka huwa vimetoa machipukizi mapya, hewa ina unyevu, na maji ya paa yapo. Vitawi vikikatwa Aprili, vitakuwa vimeanza kuota mizizi baridi ya Juni na Julai inapoingia. Vitakaa kitaluni vikikua polepole, kisha vihamishwe vuli inapoanza ili vipate mvua ya miezi miwili hivi vikiwa tayari na mizizi ya kuitumia. Vitawi vya Novemba navyo huweza kuhamishwa Machi au Aprili, ila itabidi kuvivusha katika jua kali la Januari na Februari, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Mantiki hii haitofautiani na ile ya mahindi ya Katumani, yaliyotayarishwa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji huu: mmea umalize kazi yake ngumu kabla mvua haijakatika.

Kukata na kupanda

Mmea mama uwe na afya, na unyweshwe maji ya kutosha siku moja kabla. Vitawi vikatwe alfajiri, wakati majani yamejaa maji, kwa kisu au mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti. Kisu butu huponda gamba, na palipopondwa ndipo uozo huanzia. Iwapo vitawi vitasafirishwa, hata kutoka Mua hadi mjini, vifungwe ndani ya gazeti au kitambaa kilicholowa na visiachwe juani.

Kitawi kinachofaa kwa haibiskasi na plumbago ni kile ambacho sehemu yake ya chini imeanza kuwa ngumu na kugeuka kutoka kijani kuelekea kahawia, huku ncha ikiwa bado laini. Kichanga mno hunyauka au kuoza, na kilichozeeka sana huchukua muda mrefu kutoa mizizi. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha. Bogenvilia hupendelea mti mgumu zaidi, wenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20.

Mkato wa chini upite karibu kabisa na kifundo, yaani pale jani linapotokea, kwa maana hapo ndipo mizizi hupenda kuzuka. Mafundi wengi hukata chini kwa mshazari na juu kwa usawa, ili wasije wakapanda kitawi kichwa chini. Tahadhari hiyo si ya bure, kwani kitawi kilichopinduliwa huwa kimeshindwa tangu mwanzo. Majani ya chini yaondolewe yote. Mawili au matatu yabaki juu, na yakiwa mapana yakatwe nusu. Maua na matumba nayo yaondolewe bila huruma, kwa kuwa hula chakula ambacho kingejenga mizizi.

Kuna unga wa homoni unaouzwa katika maduka ya pembejeo, ambao ncha ya chini huchovywa ndani yake kabla ya kupandwa. Wanasayansi walitambua kazi ya homoni hizi katika miaka ya 1930, na zina faida ya kweli kwa bogenvilia, ambayo ni ngumu kuota. Plumbago na haibiskasi za kawaida huweza kuota bila unga huo. Asali na mdalasini, ambavyo husifiwa mno, huweza kupunguza ukungu kidogo, lakini si homoni ya mizizi.

Udongo wa shambani haufai kwa hatua hii. Ule mwekundu wa Machakos hushikamana ukilowa na kuwa kama tofali ukikauka, ilhali mizizi michanga huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Mchanga mkavu wa mto uliooshwa vizuri, ukichanganywa na samadi iliyooza kabisa kwa kiasi kidogo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, hutosha. Mchanga wa mito ya Ukambani umekuwa chanzo cha migogoro kwa miaka mingi kutokana na malori yanayousomba kwenda kujenga majumba ya Nairobi, lakini debe moja huhudumia vitawi vingi na huweza kuoshwa na kutumiwa tena. Kipimo cha unyevu ni mkono: mchanga ukifumbatwa ushikamane, lakini maji yasichuruzike katikati ya vidole. Kitawi kinachogeuka cheusi kuanzia chini kimezidishiwa maji.

Baada ya kupandwa, theluthi moja ya kitawi ikiwa ardhini, chombo kifunikwe. Chupa ya maji ya lita tano iliyokatwa kitako hufanya kazi hii barabara: hufunikwa juu ya chombo, kifuniko chake kikiwa kimefungwa katika majuma ya kwanza na kufunguliwa polepole baadaye. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyokuwa ikitumika zamani, ilipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Agosti 28, 2017, na chupa ina faida ya kusimama yenyewe. Chombo kiwekwe kivulini penye mwanga, kwa mfano upande wa mashariki wa nyumba au chini ya kipaa cha nyasi. Chupa iliyofunikwa ikipigwa na jua la mchana huwa tanuri.

Kijani kinachodanganya

Hapa ndipo penye kosa linalowagharimu wanunuzi na wauzaji zaidi ya mengine yote. Kitawi cha bogenvilia kisicho na jani hata moja huweza kuchipua baada ya majuma mawili au matatu. Mwenye kukipanda hushangilia, akadhani kazi imekwisha, akaondoa chupa au akakihamishia bustanini. Juma moja baadaye machipukizi yananyauka na kitawi kinakufa.

Kilichotokea ni kwamba majani yale yalitokana na chakula na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya mti wenyewe. Mizizi haikuwapo. Tena majani hayo mapya yaliongeza kiwango cha maji kinachopotea hewani, hivyo kitawi kiliingia katika hatari kubwa zaidi wakati ule ule ambapo kilionekana kuwa salama. Bogenvilia huweza kuchukua majuma sita hadi kumi na mawili kupata mizizi ya kutosha. Haibiskasi manne hadi manane. Plumbago huenda ikawa tayari baada ya majuma matatu hadi sita. Baridi ya Julai huongeza muda huo.

Ishara za kuaminika ni chache. Kitawi kikivutwa kwa upole sana kwa vidole viwili, kikataa, huenda kimeshika. Chipukizi likiendelea kukua na kutoa majani zaidi baada ya yale ya kwanza, bila kusita, hiyo ni dalili njema. Iliyo bora kuliko zote ni kuona mizizi myeupe ikichungulia kwenye matundu ya chini ya chombo. Kung'oa kitawi ili kukikagua hukata mizizi midogo na kurudisha kazi nyuma.

Suala hili lina uzito kwa vijana na vikundi vya akina mama wanaouza miche kando ya barabara zinazoingia mjini Machakos. Mvua inapoanza, wateja huwa wengi kwa majuma machache tu, na kishawishi cha kuuza kitawi chenye majani kisicho na mizizi ni kikubwa. Mnunuzi akirudi kulalamika huambiwa kwamba hakumwagilia vyema. Kwa maoni yetu, mnunuzi ana haki ya kukiinua chombo na kutazama chini kabla ya kutoa pesa, na muuzaji anayekataa ametoa jibu tayari.

Tofauti za mimea

Si kila kichaka hufuata utaratibu huu. Msanapiti na euforbia ya miiba zina utomvu mweupe. Vitawi vyake vikipandwa mara tu baada ya kukatwa huoza. Viachwe kivulini hadi jeraha likauke, siku chache kwa euforbia na juma zima au zaidi kwa msanapiti, na havihitaji kufunikwa kwa chupa. Utomvu wa euforbia, kama ule wa mnyaa unaotumiwa kwa ua huko Ukambani, huunguza macho vibaya, kwa hivyo watoto wasikabidhiwe kazi hiyo. Oleanda huota kwa urahisi hata ndani ya maji, lakini mmea wote ni sumu kwa binadamu na mifugo, na haifai kupandwa panapofikiwa na mbuzi.

Lantana nayo huota upesi na kuvutia kwa maua yake ya rangi mbili. Tunashauri iachwe. Asili yake ni Amerika, na ndege wameieneza kwa mbegu hadi ikawa gugu linalomeza malisho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Bogenvilia yenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Jina lake linatokana na Louis Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa ambaye msafara wake ulifika Rio de Janeiro mwaka 1767, ambako mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikusanya. Rangi yake inayosifiwa si ya maua bali ni ya majani maalumu yanayozunguka ua dogo jeupe, na hukolea zaidi mmea ukikaa juani bila maji mengi. Ni vigumu kupata kichaka kinachoifaa Machakos zaidi, mradi kimeshavuka utoto wake.

Kitawi hubeba pia maradhi na wadudu wa mmea mama. Haibiskasi hushambuliwa na wadudu weupe wanaofanana na pamba, wakiwemo wale wanaoharibu mipapai, na mtu anayepokea kitawi cha zawadi huweza kuwapeleka shambani bila kujua. Kutoka nje ya nchi, mmea wowote huhitaji kibali cha Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea (Kephis), lililoanzishwa mwaka 1996. Kadhalika, Kenya ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, tangu 1999. Kuzalisha mawaridi yenye hakimiliki kwa ajili ya kuuza bila idhini ya mwenye haki ni kosa, hata kama kitawi kiliokotwa.

Miche ikishakuwa na mizizi, izoeshwe jua kidogo kidogo kwa majuma mawili. Bogenvilia haipendi mizizi yake isumbuliwe, hivyo chombo kipasuliwe shimoni badala ya mche kuvutwa. Penye mteremko, mahali pazuri ni karibu na mtaro wa tuta la fanya juu, ambako maji ya mvua hukusanyika. Shimo lijazwe udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, nyasi kavu zitandazwe juu bila kugusa shina, na mche unyweshwe maji mengi mara mbili kwa juma badala ya kidogo kila siku, ili mizizi ifuate unyevu chini. Mvua za vuli zikikatika mapema, unyweshaji huo uendelee hadi masika.