Kushinda bila kula kete

Mwaka 1923, jijini Copenhagen, Friedrich Sämisch alikubali kushindwa mchezo wa chesi katika hatua ya 25 akiwa bado na malkia, ngome zote mbili, maaskofu wote wawili na farasi mmoja. Aron Nimzowitsch, mwenye kete nyeusi, alikuwa ametoa farasi mzima na kulipwa askari wawili tu. Hatua yake ya mwisho ilikuwa kumsogeza askari wa ukingoni nyumba moja, kisha akamwachia Sämisch zamu.

Zamu hiyo ndiyo ilikuwa mzigo. Katika chesi hakuna kupita. Zamu yako ikifika, lazima ucheze, hata kama kila hatua iliyobaki inakuumiza. Wapo wachambuzi wanaokataa kusema Sämisch aliuawa na zamu, kwa kuwa Nimzowitsch alikuwa pia na tishio la kumnasa malkia kwa ngome. Ni kweli tishio lilikuwapo. Lakini lilimtisha nani, kama si malkia aliyekosa pa kukimbilia katikati ya kete zake mwenyewe?

Kubana kete za mwenzako hakukuanzia hapo. Huko Hastings mwaka 1919, José Raúl Capablanca alimfungia askofu wa William Winter nyuma ya ukuta wa askari, kisha akahamishia vita upande wa pili wa ubao, ambako Winter alipigana kama mtu aliyepungukiwa kete moja. Alichofanya Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, ni kuligeuza jambo hilo kuwa fundisho. Katika kitabu chake cha mwaka 1925, Mein System, alisisitiza kwamba mchezaji azibe kwanza njia za mwenzake, ndipo afikirie mipango yake.

Fundisho likamrudia mwalimu. Mjini San Remo, mwaka 1930, bingwa wa dunia Alexander Alekhine alipanga ngome mbili katika safu ya c na malkia nyuma yake, zote zikimlenga farasi mmoja wa Nimzowitsch. Walinzi wakamzunguka farasi huyo hadi mfalme mwenyewe akaitwa kusaidia, na hakuna aliyeweza kuacha zamu yake ya ulinzi. Katika hatua ya 30 Alekhine alisogeza askari wa ukingoni, safu ileile ya h iliyommaliza Sämisch. Nimzowitsch akakubali kushindwa.

Tigran Petrosian alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1963 na kuushika hadi 1969 kwa uchezaji wa namna hii, akizima mashambulizi kabla hayajazaliwa. Watazamaji wengi walimwona anachosha. Mimi naona walitazama kete zinazokwenda, wakasahau kutazama zilizokwama.

Mwenye ubao nyumbani aupange mchezo wa Anatoly Karpov na Wolfgang Unzicker, Nice, 1974, asimame kwenye hatua ya 24. Karpov anamweka askofu a7, mahali panapoonekana pa ovyo, anaifunga safu ya a, na nyuma ya pazia hilo anajipangia ngome zake kwa raha.