Mwendo wa Gita na Maandishi Yake

Wapigaji gita wa nchi yetu, kwa sehemu kubwa, walijifunza kazi yao kwa kutazama vidole vya waliowatangulia. Hawakusoma nota, wala hawakuona haja ya kuzisoma, kwani mwalimu alikuwapo mbele yao na wimbo ukapita kutoka mkono hadi mkono. Leo kijana anayetaka kulijua gita aghalabu huanzia kwenye kompyuta. Mbele yake huona mistari sita yenye tarakimu, na juu yake namba inayoonyesha mwendo wa wimbo. Katika makala hii tunakusudia kueleza maandishi hayo yametoka wapi, mwendo hupangwaje ndani yake, na kwa nini jambo hilo, linaloonekana kuwa dogo la kiufundi, linaugusa muziki wetu wenyewe.

Maandishi hayo huitwa tablatura. Kila mstari ni uzi mmoja wa gita, na kila tarakimu ni freti inayobanwa kwa kidole. Sifuri ni uzi ulioachwa wazi. Nota za kawaida huliambia sikio ni sauti gani itolewe, bali tablatura huuambia mkono mahali pa kwenda. Wako wasomi wa muziki wanaoidharau kwa sababu hiyo, wakidhani ni njia ya mkato iliyobuniwa kwa ajili ya wavivu. Dharau hiyo haina msingi. Mwaka 1507, mjini Venice, mchapaji Ottaviano Petrucci alitoa kitabu cha Francesco Spinacino chenye vipande vya kinanda cha nyuzi kiitwacho luti, na chote kilikuwa kwa tablatura. Wataliano waliandika kwa tarakimu, na Wafaransa wakapendelea herufi. Alama za muda ziliwekwa juu ya mistari, ili mpigaji ajue pigo linalofuata lije baada ya kitambo gani.

Kitu kimoja hakikuwamo katika alama hizo: kasi. Zilionyesha kwamba pigo hili ni nusu ya lile, lakini hazikusema lile lenyewe liwe refu kiasi gani. Mhispania Luis Milán, katika kitabu chake El Maestro kilichochapwa Valencia mwaka 1536, alijaribu kuliziba pengo hilo kwa maneno. Kitabu hicho kilikuwa cha vihuela, ala yenye umbo la gita, na ndani yake Milán alieleza kipande gani kipigwe upesi na kipi polepole. Tena alikwenda mbele zaidi: katika baadhi ya vipande alitaka sauti zinazopigwa pamoja zipigwe taratibu, na mikimbio ya uzi mmoja mmoja ipigwe haraka, yote katika wimbo ule ule. Msomaji aliyewahi kuusikiliza muziki wetu wa dansi, ambamo wimbo huanza kwa utulivu kisha ukaingia kwenye chemko, hatalishangaa agizo hilo.

Namba ilikuja baadaye. Mwaka 1815 Johann Maelzel alijipatia hati ya kumiliki metronomu, chombo chenye kijiti kinachoyumba na kugonga, ingawa wazo lenyewe alilichukua kwa fundi Winkel wa Amsterdam. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza namba za mwendo wa simfoni zake. Tangu hapo iliwezekana kuandika 60, maana yake pigo moja kwa sekunde, au 120, maana yake mawili, na mtu aliye mbali akaelewa.

Kompyuta ilivikutanisha vitu hivi viwili. Programu ya Guitar Pro, iliyotungwa Ufaransa, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na zikawapo nyingine za jamii hiyo, kama vile TuxGuitar, ambayo hutolewa bure. Jambo jipya lilikuwa kwamba maandishi yaliweza kujipiga yenyewe. Kabla ya hapo, vijana wengi walikuwa wakipeana tablatura zilizochapwa kwa vistari na tarakimu tupu, zisizo na alama yoyote ya muda, na asiyeujua wimbo hakuweza kabisa kuupata humo. Programu haikubali ukimya wa namna hiyo. Lazima iambiwe kila nota ni robo au thumni, na lazima ipewe namba ya mwendo.

Faida yake kwa mwanafunzi ni kubwa, nasi hatuoni sababu ya kuipunguza. Zamani mtu aliyetaka kuichambua sehemu ngumu aliupunguza mwendo wa tepu. Lakini tepu ikienda kwa nusu ya kasi, sauti nazo hushuka kwa oktavu nzima, sawa na freti kumi na mbili za gita, na mwimbaji wa kike akawa ananguruma. Programu hupunguza mwendo hadi nusu bila kuigusa sauti, kwa sababu haivuti sauti iliyorekodiwa: inajua uzi na freti, na kazi yake ni kuchelewesha tu wakati wa kila pigo. Mwanafunzi anaweza kuanza kwa mapigo 60, akapanda hadi 70, kisha 80, mpaka vidole vikazoea.

Ugumu huanza pale ambapo muziki wenyewe haukutungwa kwa namba wala kwa mafungu ya mapigo. Tuchukue mfano wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mwimbaji wa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wimbo wake wa Masanga ulienea mbali sana na kwao. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini msikilizaji hudhani wako wapigaji wawili. Katika miaka ya 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi mrefu wa upigaji huo, huku akijitahidi kuuandika kwa nota. Kazi ya namna hiyo si nyepesi. Gerhard Kubik, alipotaka kuandika marimba za mangwilo za kaskazini mwa Msumbiji, aliona sikio halitoshi, akatumia picha za sinema na kuhesabu picha moja moja ni lini fimbo iligusa ubao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1965.

Sikio hukwama kwa sababu sauti zile zile zaweza kubeba hatua tofauti. Tuseme fungu lina thumni kumi na mbili. Mguu ukikanyaga mara nne, kila hatua hubeba thumni tatu. Ukikanyaga mara tatu, kila hatua hubeba nne. Thumni hazikubadilika, aliyebadilika ni mchezaji. Katika ngoma zetu nyingi hatua hizo mbili huenda pamoja, na utamu uko hapo hapo zinapopishana. Lakini programu hutaka kuambiwa moja. Ukiuliza mwendo wa wimbo huo ni upi, mmoja atajibu hatua 80 kwa dakika na mwenzake atajibu 60, na wote wawili watakuwa wamesema kweli, maana 80 mara tatu na 60 mara nne zote ni thumni 240. Na programu nyingi huhesabu mwendo kwa nota ya robo, yenye thumni mbili, kwa hiyo namba inayotakiwa kuandikwa si 80 wala 60, bali 120. Asiyelijua hilo akaandika 80, wimbo utakwenda kwa theluthi mbili tu ya mwendo wake, naye atailaumu kompyuta.

Kosa la namba husikika upesi na kurekebishwa. Kosa la mguu halisikiki, na ndilo tunaloliogopa. Maandishi yakiwa yamegawa mafungu mahali pasipofaa, nyuzi zitalia sawasawa, lakini mgongo wa metronomu utagonga penye kivuli badala ya penye hatua. Kijana atajifunza hivyo kwa miezi, mguu wake ukiifuata kompyuta, na siku atakapokaa na wapiga ngoma atashangaa kwa nini wachezaji wanapishana naye.

Sisi tuliolelewa na mashairi tunalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utungaji kilichotoka mwaka 1954, alifundisha kuhesabu mizani na kupanga vina. Mtu aweza kuhesabu mizani kumi na sita za mstari bila kupoteza hata moja, na bado asijue kuughani, kwa kuwa mahadhi ndiyo huamua silabi ipi ivutwe na ipi ipite mbio. Hesabu ya thumni ni kama mizani. Mahadhi yako mguuni.

Hata chemko huleta swali lake. Programu huruhusu namba ya mwendo ibadilishwe katikati ya wimbo, ama kwa ghafla ama kidogo kidogo. Walio wengi huweka namba mpya mwanzoni mwa fungu na kuridhika. Lakini bendi haigeuki kama taa inayowashwa. Ngoma hutangulia kidogo, gita la solo huichokoza, na besi huchelewa kukubali. Mwandishi mwangalifu huusambaza mwendo huo katika mafungu mawili au matatu, akiongeza mapigo mawili hapa, matatu pale, huku akirudia kusikiliza.

Mwisho kuna tepu zenyewe, maana nyimbo nyingi za zamani zimetufikia kwa njia hiyo. Mashine ikienda haraka kwa sehemu sita tu katika mia, mapigo 100 huwa 106, na sauti zote hupanda kama kwa freti moja. Anayenakili huona wimbo umepanda freti moja, akaandika kwamba mpigaji alifunga kapo kwenye freti ya kwanza. Huenda kweli alifunga. Lakini kapo hupandisha gita peke yake, haimpandishi mwimbaji wala haiongezi mwendo. Kwa hiyo yafaa kwanza kuisikiliza sauti ya mtu anayeimba, kama ni ya kwake au imebanwa, ndipo namba iandikwe. Na pale juu ya ukurasa, programu inapotoa nafasi ya jina la wimbo na la mtunzi, pana nafasi pia ya maneno machache: tepu gani ilisikilizwa, na mguu wa nani uliofuatwa.