Pingyao ilisota, ndio maana bado imesimama

Tafuta Pingyao kwenye simu yako sasa hivi. Utapata picha ileile mara elfu: taa nyekundu zinaning'inia, barabara ya mawe inang'aa baada ya mvua, msichana aliyekodi vazi la kale amegeuka nyuma kutazama kamera. Chini yake mtu ameandika ati hapa ndipo muda ulisimama. Wasee, muda haukusimama. Pesa ndio ziliisha.

Mji wenyewe uko mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China. Nilifika kutoka Xi'an kwa treni ya mwendo kasi, kama saa tatu hivi. Binamu yangu alikuwa amebaki Guangzhou akinunua mzigo wa viatu, na mimi nikamwambia siwezi kuvuka bahari nzima nirudi nyumbani na picha za stoo.

Ukuta unaouzunguka una urefu wa kilomita 6 na kidogo, na kimo chake ni kama mita 10. Ulipewa sura hii mwaka 1370, mwanzoni mwa utawala wa Ming. Moyo wake ni udongo ulioshindiliwa, halafu nje ukavikwa matofali ya kijivu. Malango ni 6: moja kusini, moja kaskazini, mawili mashariki, mawili magharibi, ndio maana unaitwa mji wa kobe. Kichwa, mkia, miguu minne. Juu kuna minara 72 na meno 3,000 ya ukuta, na inasemekana hesabu hiyo inawakumbuka wanafunzi 72 wa karibu wa Confucius na wale wengine 3,000. Mimi sikuhesabu, jua lilikuwa kali.

Ukitaka picha nzuri, panda huko juu. Ukiwa chini barabarani huoni kitu, nyumba zimekupa mgongo: kuta ndefu, za kijivu, hazina dirisha. Ukiwa juu ndio unaelewa. Kila boma limefunguka kwa ndani, kwenye ua, na paa nyingi zimeinama upande mmoja tu, ule wa uani. Maji ya mvua yanaangukia nyumbani. Kwao maji ni mali, na nani anataka mali yake imwagikie kwa jirani? Hapo nikajua hawa walikuwa watu wa hesabu.

Na kweli walikuwa. Kwenye barabara ya magharibi kulikuwa na duka la rangi za nguo. Mwaka 1823 biashara hiyo ikageuka kuwa Rishengchang, inayotajwa kuwa benki ya kwanza ya hawala China. Shida iliyokuwepo ni hii: mfanyabiashara akiuza mali Beijing analipwa fedha, madini yenyewe, mazito. Anayabeba kwa mkokoteni, anakodi walinzi, na bado majambazi wanamngoja njiani. Rishengchang wakamwambia, acha mzigo kwa tawi letu la huko, chukua karatasi, uje uchukue zako Pingyao. Wewe uliyekua na M-Pesa huwezi kushangaa, lakini fikiria kufanya hivyo bila simu wala stima.

Usalama wao ndio ulinimaliza. Karatasi ilikuwa na alama zilizofichwa ndani yake. Mwandiko ulikuwa wa karani maalum ambaye matawi mengine yanaujua mkono wake. Halafu mwezi, siku na kiasi cha pesa viliandikwa kwa fumbo: kila namba ina herufi yake, na herufi hizo zikipangwa zinakuwa kama shairi. Wafanyakazi walilikariri kichwani, na baada ya muda linabadilishwa. Namba ya siri ni shairi! Jengo sasa ni makumbusho, na watalii wengi hupiga selfi kaunta wakaondoka.

Halafu mambo yakaharibika. Utawala wa Qing ulianguka kwenye mapinduzi ya 1911, benki za kisasa zikaingia, na mwaka 1914 Rishengchang ikafilisika. Pingyao ikasota, na ikasota kwa miongo mingi. Hakukuwa na wa kubomoa nyumba ya babu ajenge ghorofa, kwa sababu ghorofa ni doo na doo hakuna.

Linganisha na Beijing. Nayo ilikuwa na ukuta wa Ming, mkubwa kuliko huu mara kadhaa. Msanifu Liang Sicheng alisihi uachwe, ugeuzwe bustani watu watembee juu. Hawakumsikia. Kuanzia miaka ya 1950 uliangushwa, na leo treni ya chini ya ardhi inapita pale msingi ulipokuwa. Mji mkuu ulikuwa na haraka na uwezo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Pingyao nayo ikapata haraka. Mpango ulikuwa kupasua barabara pana katikati ya mji wa kale, na ubomoaji ulikuwa umeshaanza. Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Tongji, Ruan Yisan, akaingia kati. Akaja na wanafunzi wake, wakachora mpango mwingine: mji mpya ujengwe nje ya ukuta, wa kale uachwe. (Mimi niliyeacha chuo nakubali, hiyo ni kazi ya darasa yenye maana.) Mwaka 1997 UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Na hapo pesa zikarudi, kwa mlango wa utalii. Ofisi na shule zikahamishiwa nje. Barabara ya kusini sasa ni siki, nyama ya ng'ombe na spika zinazopiga kelele. Tangu 2001 kuna tamasha la kimataifa la picha, na kazi nyingine huning'inizwa kwenye viwanda vya zamani. Lakini ukikata vichochoro viwili utakuta mzee anaanika nguo uani. Nilimwonyesha kamera mmoja, akapunga mkono: hapana. Nikaishusha.

Picha ninayoipenda zaidi haina taa nyekundu. Oktoba 2021 mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, na kama mita 25 za upande wa ndani wa ukuta zikaporomoka. Niliulizia hadi nikaonyeshwa sehemu. Kuna udongo mpya umeshindiliwa juu ya ule wa kale, rangi hazijalingana bado, na mtu ameegesha skuta yake ya umeme hapo chini kivulini.