Kwa Nini Naichagua Mega Drive

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, kampuni mbili za Kijapani, Sega na Nintendo, zilipigania soko la mashine za gemu za biti 16 kwa ukali ambao biashara hiyo haikuwa imewahi kuuona. Sega ilitangulia na Mega Drive, iliyoingia madukani Japani Oktoba 1988 na kufika Marekani mwaka uliofuata kwa jina la Genesis. Nintendo ilijibu Novemba 1990 kwa Super Famicom, ambayo Marekani na Ulaya iliitwa Super Nintendo. Ukihesabu mauzo peke yake, ubishi umekwisha zamani: Super Nintendo iliuzwa zaidi ya milioni 49 duniani, Mega Drive takribani milioni 30. Hata hivyo wapenzi wa gemu za zamani bado wanabishana, na wengi wao huamua kwa kufungua kasha na kulinganisha chipu kwa chipu, au kwa kuorodhesha gemu walizozipenda utotoni. Mimi natumia kipimo kingine. Mashine ya gemu ni mlango kati ya watu wanaotunga michezo na watu wanaoicheza, kwa hiyo naiuliza kwanza ilimruhusu nani aingie ambaye awali alikuwa amezuiwa nje. Kwa kipimo hicho, naichagua Mega Drive.

Uzuiaji huo ulikuwa na historia. Mwaka 1983 soko la gemu la Marekani liliporomoka. Maduka yalijaa kaseti za mashine ya Atari 2600 zilizotengenezwa hovyo na kampuni zilizozuka kila kukicha, wanunuzi wakachoka, wenye maduka wakaziuza kwa bei ya kutupa. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 na mashine yake ya biti 8, NES, ilikuwa imejifunza kutokana na anguko hilo. Iliweka chipu ya ulinzi ndani ya mashine na nyingine ndani ya kila kaseti. Zisipotambuana, gemu haichezeki. Aliyetaka kutengeneza gemu ya NES alipaswa kupewa leseni, kukubali kikomo cha gemu tano kwa mwaka, kununua kaseti zake kutoka Nintendo kwa malipo ya kabla, na kuahidi kwamba gemu hiyo haitatokea kwenye mashine ya kampuni nyingine kwa miaka miwili. Konami, moja ya kampuni kubwa za Japani, ililazimika kuanzisha jina la pili Marekani, Ultra Games, ili ipate kutoa zaidi ya gemu tano. Wanaoutetea utaratibu huo husema uliokoa biashara iliyokuwa inakufa, na kwa sehemu wanasema kweli: NES iliuzwa karibu milioni 62, na hadhi ya gemu ilirudi. Lakini tuyatenganishe masharti yenyewe. Kukagua ubora wa gemu kunamlinda mchezaji. Kuizuia gemu nzuri isiuzwe kwenye mashine ya mwingine kwa miaka miwili hakumlindi mchezaji hata kidogo, kunamlinda muuzaji. Tena mwaka 1991, baada ya kutuhumiwa kuwabana wenye maduka wasishushe bei, Nintendo ilikubaliana na mamlaka za Marekani kuwapa wateja vocha za dola 5. Masharti yake yalilegea mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, mshindani alipoanza kupata nguvu na serikali ilipoanza kuichunguza.

Mshindani huyo alijenga mashine yake kwa njia ambayo haijapewa uzito unaostahili. Sega ilikuwa na uzoefu mrefu wa mashine kubwa za kumbi za michezo, zile zinazomeza sarafu, na Mega Drive ilitokana moja kwa moja na mashine hizo. Prosesa yake ilikuwa Motorola 68000, iliyokwenda kwa kasi ya takribani megahezi 7.6. Hiyo ndiyo prosesa iliyokuwemo pia katika Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984, katika Amiga na katika Atari ST. Maana yake ni kubwa: maelfu ya watunzi wa programu Uingereza, Ufaransa na Marekani waliijua kabla Mega Drive haijazaliwa, maana walikuwa wameizoea kwenye kompyuta za nyumbani. Hawakuhitaji kuanza shule upya. Mfano mzuri zaidi unatoka Japani kwenyewe. Mwaka 1992 kundi la watengenezaji waliondoka Konami wakaanzisha kampuni ndogo, Treasure. Waliiacha Super Nintendo wakaifuata Mega Drive kwa sababu waliona prosesa ya Nintendo haiwezi kubeba walichokusudia, na mwaka uliofuata wakatoa Gunstar Heroes, gemu ya milipuko, maadui wengi na mwendo usiokatika ambayo mpaka leo hutajwa miongoni mwa bora za enzi hiyo.

Hapa ndipo watetezi wa Super Nintendo husimama, na wana haki ya kusimama. Mashine yao ilichagua rangi kutoka hazina ya rangi 32,768 na kuonyesha hadi 256 kwa mara moja katika matumizi ya kawaida. Mega Drive ilikuwa na hazina ya rangi 512 na ilionyesha takribani 64. Chipu ya sauti ya Super Nintendo, iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, ilicheza sauti zilizorekodiwa kutoka ala halisi, ilhali Mega Drive ilitegemea sauti za kutengenezwa, kavu na zenye makali. Super Nintendo iliweza kuzungusha na kukuza picha nzima ya ardhi, jambo lililoifanya F-Zero na Super Mario Kart zionekane kama muujiza. Ongeza The Legend of Zelda: A Link to the Past ya mwaka 1991, Super Metroid ya 1994 na Chrono Trigger ya 1995, na unapata orodha ambayo Sega haikuwa na jibu lake kamili, hasa kwenye gemu ndefu za hadithi. Siyapunguzi haya. Prosesa ya Nintendo ilikuwa ya polepole, megahezi 3.58 kwa kiwango cha juu, lakini wahandisi wake waliweka nguvu mahali pengine, na pale ilipopungukiwa waliongeza chipu ndani ya kaseti yenyewe, kama ile ya Super FX iliyoiwezesha Star Fox mwaka 1993. Isipokuwa kwenye sauti nitapinga kidogo: mtunzi wa muziki Yuzo Koshiro aliposhika chipu ya Mega Drive kwa ajili ya Streets of Rage 2, ule ukavu uligeuka kuwa muziki wa disko wenye uhai ambao Super Nintendo isingeutoa kwa ladha ileile. Uzuri huo wote wa Super Nintendo, hata hivyo, ulikuwa ndani ya nyumba ambayo mwenyewe aliamua nani apite.

Kwa Sega mlango ulifunguliwa kwa nguvu, na pengine bila ridhaa yake. Electronic Arts, kampuni ya California iliyokuwa ikiuza gemu za kompyuta, ilichunguza Mega Drive kipande kwa kipande mpaka ikajua namna ya kuiandikia gemu bila kuhitaji leseni. Ikaja kwa Sega na maarifa hayo mkononi. Badala ya vita, mwaka 1990 pande mbili zilikubaliana: Electronic Arts ililipa mrabaha mdogo na kuruhusiwa kutengeneza kaseti zake yenyewe, jambo ambalo katika ulimwengu wa NES lisingefikirika. Kampuni nyingine, Accolade, ilifanya uchunguzi kama huo, na safari hii Sega ikaenda mahakamani. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ya Marekani iliamua kwamba kuichambua programu ya mwenzako ili utengeneze kitu kitakachofanya kazi na mashine yake kunaweza kuwa matumizi halali. Hukumu hiyo inatajwa hadi leo katika kesi za programu za kompyuta. Mtu anaweza kuniuliza: kama Sega yenyewe ilishtaki, kwa nini niipe sifa? Sifa naipa mashine na hali iliyoizaa. Sega ilikuwa na tamaa ileile ya Nintendo. Isichokuwa nacho ni utawala wa soko. Ilihitaji washirika, ikalazimika kupatana nao.

Matunda ya mapatano hayo yametufikia. Desemba 1993 Electronic Arts ilitoa FIFA International Soccer, na ilitoka kwenye Mega Drive kwanza. Mashine nyingine, Super Nintendo ikiwemo, zilisubiri hadi mwaka uliofuata. Ilikuwa na timu za taifa tu, na uwanja ulionekana kwa mshazari wakati gemu nyingi za mpira zilikuwa zikionyeshwa kutoka juu au ubavuni. Ndiyo iliyoanzisha mfululizo ambao kila kibanda cha gemu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi umeujua, ambako vijana hulipia mechi na anayefungwa humpisha mwingine. Wengi wao hawajawahi kuiona Mega Drive, wala hawana sababu ya kuitafuta, lakini gemu wanayoipigania ilianzia huko.

Mlango wa pili ulikuwa bei. Tom Kalinske, aliyewahi kuongoza kampuni ya vichezeo ya Mattel, alichukua uongozi wa Sega Marekani mwaka 1990, akataka mashine ishushwe kutoka dola 189 hadi 149 na gemu ya bure ndani ya boksi iwe ile bora waliyonayo, Sonic the Hedgehog, iliyotoka Juni 1991. Wakuu wa Japani hawakupendezwa, ila rais wa kampuni, Hayao Nakayama, alimwachia afanye. Super Nintendo ilipowasili Marekani Agosti mwaka huo kwa dola 199, ilimkuta mpinzani aliye rahisi kununuliwa na mwenye gemu iliyokuwa midomoni mwa watoto wote. Kwa kipindi fulani Sega iliongoza soko la biti 16 la Marekani, na Ulaya ilikuwa na nguvu zaidi bado. Huko Brazil jambo lilikwenda mbali kuliko kote. Ushuru wa bidhaa za nje ulikuwa mzito kiasi kwamba mashine ya gemu ilikuwa anasa ya wachache. Kampuni ya Tectoy, iliyoanzishwa mwaka 1987, ilipata leseni ya Sega na kuziunda mashine hizo Manaus, katikati ya Amazon, kwenye eneo lenye nafuu ya kodi. Ilianza kuuza Mega Drive mwaka 1990, miaka mitatu kabla Nintendo haijaingia rasmi nchini humo kupitia kampuni ya wenyeji. Tectoy haikuishia kuunganisha vyuma: ilitafsiri gemu kwa Kireno na kuweka ndani yake wahusika wa katuni za Kibrazili. Mwaka 2017, karibu miaka 30 baada ya mashine kuzaliwa, ilitoa toleo jipya lenye tundu la kaseti. Naiona Brazil kuwa ushahidi mkubwa kuliko takwimu yoyote ya mauzo ya Japani, ambako Mega Drive ilishika nafasi ya tatu nyuma hata ya mshindani mwingine, PC Engine.

Yapo mashtaka mengine dhidi ya uamuzi wangu. La kwanza ni kwamba uhuru wa Sega ulileta ukatili: Mortal Kombat ya mwaka 1993 ilionyesha damu kwenye Mega Drive kwa kubonyeza mfuatano wa vitufe, ilhali Nintendo iliiondoa, na Desemba mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani lilikaa kusikiliza malalamiko. Lakini Sega ilikuwa tayari imeanza kuweka alama za umri kwenye gemu zake, na mwaka 1994 biashara nzima ikafuata njia hiyo kwa bodi ya pamoja. Nintendo nayo iliiruhusu damu kwenye Mortal Kombat II. La pili ni kwamba Sega iliwasaliti wateja wake kwa kurundika vifaa vya nyongeza, hasa 32X ya mwaka 1994, iliyotelekezwa mapema. Hilo sina jibu lake. Ni kosa la kampuni, na liliigharimu imani ya watu. Mashine ya mwaka 1988, hata hivyo, haikuhitaji nyongeza hizo ili iwe ilivyokuwa.

Shtaka la tatu ndilo zito kuliko yote. Pedi ya Super Nintendo iliweka vitufe vinne kwa umbo la almasi chini ya dole gumba la kulia na viwili begani kwa vidole vya shahada. Pedi ya PlayStation iliurithi mpangilio huo, na karibu kila pedi iliyofuata imeurithi pia. Tena PlayStation yenyewe ilitokana na mradi wa pamoja wa Sony na Nintendo uliovunjika mwaka 1991. Kwa hiyo kijana wa kibandani anashika urithi wa Nintendo mikononi huku akicheza mpira uliozaliwa kwenye mashine ya Sega. Nikilazimishwa kusema ni ipi iliyoundwa kwa ustadi zaidi, nitasema Super Nintendo, bila kusita. Lakini ustadi wa chombo na manufaa yake kwa biashara nzima ni mambo mawili. Bila mshindani wa bei nafuu, Super Nintendo yenyewe ingeuzwa ghali zaidi, na watungaji wake wangeendelea kuhesabiwa gemu tano kwa mwaka.

Kura yangu basi ni ya Mega Drive. Msomaji anayetaka kuamua mwenyewe asianze na majedwali ya rangi na kasi. Aicheze Gunstar Heroes jioni moja na A Link to the Past jioni nyingine, kisha aulize kila moja iliwezekanaje kutengenezwa, na kwa ruhusa ya nani.