Dark Souls: Ugumu wa adui haupimwi kwa idadi ya vifo

MICHEZO ya video ya kampuni ya FromSoftware ya Japani, iliyojipatia sifa kwa Dark Souls mwaka 2011, haimpi mchezaji nafasi ya kuchagua kiwango cha ugumu. Hivyo, kabla ya kusema adui mkuu yupi ni mgumu, sharti ijulikane alikabiliwa vipi.

Ornstein na Smough wa Dark Souls hupigana pamoja. Mmoja akiuawa, aliyebaki hurejeshewa uhai wote na kurithi nguvu za mwenzake. Anayemtanguliza Smough hukutana na pambano tofauti kabisa na la anayemtanguliza Ornstein. Aliyemwita Solaire amsaidie, naye, hawezi kujilinganisha na aliyeingia peke yake.

Malenia wa Elden Ring (2022) hujiponya kila upanga wake unapogusa, hata ukikingwa. Ngao, kimbilio la wengi, humnufaisha yeye. Ahueni ni ya anayejua kukwepa.

Hata tarehe ina uzito. Radahn, adui wa mwisho wa nyongeza ya Shadow of the Erdtree iliyotoka Juni 2024, alipunguzwa makali na watengenezaji Septemba mwaka huohuo. Waliomshinda Julai na waliomshinda Oktoba hawakupambana na adui yuleyule.