Daftari Lililosokotewa Tumbaku: Vyama vya Maigizo Shuleni na Mwanzo wa Tamthiliya ya Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni niliandika kwenye daftari, na nikaja kurudia kwenye mtihani, kwamba tamthiliya andishi ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, pale Mwingereza Graham Hyslop alipochapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na kwamba Waafrika waliofuata walikuwa wanafunzi wake. Nilipata alama zangu. Likizo nikarudi nyumbani Isongole, wilayani Ileje, hatua chache tu kutoka mpaka wa Malawi, nikamsomea babu jibu lile kwa maringo ya msomi. Babu akacheka, akasema: "Mke wangu, mwaka hamsini na saba sisi tulikuwa tumeshaigiza na kumaliza."

Kauli hiyo ya mzee ndiyo iliyonifanya niulize jambo ambalo wahakiki wetu hulipitia mbio: tunaposema tamthiliya "ilianza", tunahesabu tangu siku ilipoigizwa au tangu siku ilipotoka mtamboni? Hoja yangu ni kwamba tumehesabu mtambo, na kwa kufanya hivyo tumewafuta watu.

Tuanze na ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupinga. Shule ya Alliance, pale Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1926 na madhehebu ya Kiprotestanti yaliyoungana, na kuanzia 1940 hadi 1962 mkuu wake alikuwa Carey Francis. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo kati ya 1955 na 1958, na ameeleza jinsi Shakespeare alivyokuwa tukio la kila mwaka, kama sikukuu. Katika miaka yake minne aliona michezo minne, kuanzia As You Like It hadi A Midsummer Night's Dream. Hiyo ndiyo Alliance inayojulikana: mahali pa kumtengeneza Mwafrika anayetamka Kiingereza kama aliyekulia London.

Lakini shule hiyohiyo, saa za baada ya masomo, ilikuwa na maigizo ya namna nyingine. Mwaka 1954 Henry Kuria alitoa Nakupenda Lakini. Mwaka 1955 Kimani Nyoike akatoa Maisha ni Nini. Mwaka 1956 Gerishon Ngugi (si yule mwandishi wa riwaya, watu huwachanganya) akaja na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na 1957 B. M. Kurutu akatoa Atakiwa na Polisi. Miaka minne mfululizo, michezo minne, yote kwa Kiswahili, yote imetungwa na wanafunzi! Na haikuishia kwenye ukumbi wa shule. Ilipelekwa pia Nakuru, katika ukumbi wa Menengai, mbele ya watu ambao hawakuwa walimu wala watahini.

Sasa hebu tuweke tarehe pamoja. Mchezo wa Kuria uliigizwa 1954 lakini ukachapishwa 1957, mwaka uleule wa vitabu vya Hyslop. Kwa hiyo huyu anayeitwa mfuasi alikuwa jukwaani miaka mitatu kabla ya kitabu cha huyo anayeitwa mwanzilishi. Sisemi kwamba Hyslop hakusaidia. Alisaidia sana, alikuwa mtu wa muziki na maigizo, aliandaa michezo ya Kiswahili tangu siku za vita kuu ya pili, na vijana wale walipata moyo kwake. Ila kumtia mtu moyo ni jambo moja, na kumzaa ni jambo jingine.

Lipo shtaka la pili dhidi ya vijana hawa, nalo ni zito zaidi. Wahakiki wa mrengo wa kimapinduzi wamewahi kuviita vitabu vya aina hii vya kitoto: mapenzi, uchawi, polisi, basi. Huku nje, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, maelfu ya watu walikamatwa Nairobi na kupelekwa kambini. Mwanafunzi wa Kikuyu anaandika juu ya mpenzi? Kweli shtaka lina uzito, na mimi mwenyewe sitaki kulikwepa kwa kudai eti Atakiwa na Polisi ni fumbo la Mau Mau. Ujanja wa namna hiyo tunaufanya sana kwenye semina zetu.

Ninachosema ni kwamba uhakiki unaotazama dhamira peke yake hauoni kitendo. Kijana aliyekuwa akifundishwa kila siku kwamba sanaa kubwa ni ya Kiingereza anakaa chini jioni, hakuna anayemsahihisha kwa kalamu nyekundu, anaandika kwa lugha ambayo Mkikuyu, Mluo na Mkamba wa Nakuru wote wataisikia. Kisha anakwenda kuwaonyesha huko, katikati ya ardhi ya walowezi, katika miaka ambayo kibali kilihitajika hata kwa safari fupi. Kuchagua hadhira ni msimamo, hata kama anachowaambia ni habari za mchumba.

Huku kwetu Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Shule ya Malangali, Iringa, iliyofunguliwa 1928 chini ya W. B. Mumford, ilijaribu kuingiza ngoma, kurusha mikuki na mafunzo ya wazee katika ratiba. Jaribio zuri kwa kulitazama, lakini ni Mzungu aliyekuwa akiamua jadi ipi inafaa. Tabora, alikosoma Nyerere kuanzia 1937 hadi 1942, kilichostawi ni mijadala, tena kwa Kiingereza. Matunda yake tuliyaona baadaye majukwaani, katika siasa. Maigizo ya Kiswahili yalipokuja kuheshimiwa kwetu, yalikuja na Julius Caezar wa 1963, tafsiri ya Nyerere mwenyewe. Yaani hata heshima hiyo ilipitia kwa Shakespeare.

Je, hapakuwa na kitu kati? Hapa ndipo namrudia babu.

Alisoma shule ya kati katikati ya miaka ya hamsini, wakati huo Ileje ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Kulikuwa na skauti, kwaya, mpira, bustani (ambayo yeye anaiita adhabu yenye jina zuri), na kulikuwa na "chama cha vichekesho". Wao watano walitunga mchezo juu ya mtu aliyerudi kutoka Joni, yaani Johannesburg. Vijana wengi wa milima yetu walikuwa wakiandikishwa na Wenela kwenda kwenye dhahabu ya Makaburu, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa Joni. Huyu wa kwenye mchezo anarudi na sanduku la bati, kofia na miwani myeusi, anadai amesahau Kindali, anamwamkia mama mkwe kwa Fanakalo ya migodini. Mama mkwe, aliyeigizwa na mvulana mwenye kanga ya dada yake, anamjibu kwa Fanakalo safi kuliko yake, kwa sababu marehemu mumewe alikwenda Joni kabla huyu hajazaliwa. Sanduku likifunguliwa, mna sanduku dogo, na ndani ya dogo mna sabuni.

Siku ya wazazi watu walicheka mpaka mmoja akaondoka kwa hasira. Alikuwa mtu wa Joni kweli. Mchezo haukurudiwa, mwalimu aliona unaleta ugomvi. Daftari lake lilikaa nyumbani kwa mmoja wao, na baba yake akazichana karatasi moja moja kusokotea tumbaku.

Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho wameeleza kwamba vichekesho vya enzi ya ukoloni vilimcheka mshamba asiyejua ustaarabu wa kigeni, na kwamba hiyo ni kasumba. Kwa vingi ni kweli. Lakini mchezo wa babu unamcheka nani? Unamcheka aliyerudi na ustaarabu huo akaukuta nyumbani umeshafika, tena umeshachakaa. Kama wavulana watano wa shule moja ya milimani waliweza kuligeuza jambo hivyo, basi kanuni yetu ya jumla imejengwa juu ya yale machache yaliyobaki.

Na yaliyobaki yalibaki kwa nini? Kuria alikuwa mwendo mfupi kutoka Nairobi, na Nairobi kulikuwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948 na kutafuta miswada ya lugha zetu. Daftari lake lilifika. La babu lilikuwa milima mingi mbali na mtambo wa karibu. Sidai kwamba mchezo wa Joni ulikuwa bora kuliko Nakupenda Lakini. Siwezi, sina maandishi. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo: mhakiki bila matini hana la kufanya, na sisi tumeugeuza upungufu huo kuwa historia.

Rafiki yangu mmoja wa darasani amenipinga kwamba kumbukumbu ya mzee wa miaka themanini na zaidi si matini. Sawa. Lakini nilipomwomba babu anieleze mchezo, hakueleza. Aliinuka, akaomba kofia ya mjomba, akaushika mfuko wa mahindi kama sanduku, akatembea kutoka mlangoni hadi jikoni kwa mwendo ambao kwa hakika haukuwa wake. Nimeyaandika maneno aliyoyakumbuka, kurasa nne na nusu. Sehemu ya mama mkwe haina maneno mengi, kwa sababu aliyeiigiza amekwisha fariki, na babu anasema mzee yule kila mara alikuwa akiibadilisha.